Miche ya epo ya Anna na Dorsett Golden: nunua jozi, usinunue mmoja

Ukiingia kwenye kitalu kinachouza miche ya epo, majina mawili utakayoyasikia mapema ni Anna na Dorsett Golden. Miche hii huuzwa kwa namna tatu. Kuna Anna peke yake, mara nyingi ikiwa na lebo isemayo "unajichavusha wenyewe". Kuna jozi, Anna mmoja na Dorsett mmoja. Na kuna mti wa aina mbili, yaani shina moja lililobebeshwa vikonyo (vijiti vya kupandikizia) vya aina zote mbili. Ipo namna ya nne, mche ulioota kutoka kwenye mbegu ya tunda la dukani. Haistahili kuhesabiwa na hizi tatu, lakini nayo inauzwa.

Hukumu kwanza, sababu baadaye. Jozi: 4.5 kati ya 5. Mti wa aina mbili: 3.5. Anna peke yake: 2. Mche wa mbegu: sifuri.

Tofauti hizo hazitokani na ubora wa mche wenyewe. Anna wa kuuzwa peke yake anaweza kuwa na mizizi mizuri kuliko yule wa kwenye jozi. Tofauti iko kwenye eneo dogo la kromosomu (uzi wa urithi) ya 17 ya mtufaha, yaani mti wa epo, na mnunuzi asiyelijua eneo hilo anaweza kumwagilia mti miaka 4 akaambulia maua.

(Kwa wasomaji wa Unguja na Pemba: hatuzungumzii lile tufaha la kwenu jekundu la kwenye kanga za visiwani. Lile ni la jenasi moja na mkarafuu. Hapa ni epo, hili la dukani linaloletwa kutoka Afrika Kusini.)

Unachonunua

Anna ilizalishwa Israeli, kwenye kibbutz (kijiji cha ushirika) ya Ein Shemer, na Abba Stein. Nasaba yake iliyoandikwa ni Red Hadassiya na Golden Delicious. Tunda ni refu kidogo, lina wekundu uliomwagwa juu ya kijani-njano, linavunjika vizuri mdomoni na lina uchachu wa kupendeza. Kasoro yake ni kwamba halikai. Baada ya wiki chache nje ya friji linageuka unga. Dorsett Golden iliota Nassau, Bahamas. Tunda lake ni la njano lenye shavu la waridi, tamu zaidi, na halikai vilevile.

Kilichozileta huku ni baridi, au tuseme ukosefu wake. Mtufaha huhesabu saa ilizokaa chini ya takriban nyuzi 7 za Selsiasi kabla ya kukubali kuchipua kwa pamoja. Red Delicious hudai saa kama 800 na zaidi. Anna hutosheka na 300 au pungufu, na Dorsett hudai chache kuliko hizo. Kwa Lushoto, Njombe au nyanda za Kenya ya kati, hilo ndilo linaloamua kama utapata maua au majani matupu. Aina hizi mbili zina sifa nyingine ambayo wauzaji huitaja kwa haraka mno: huchanua karibu wakati mmoja. Hapo ndipo thamani ya jozi ilipo.

Kwa nini mmoja hautoshi

Chukua ua moja la mtufaha ulitazame kwa karibu. Petali 5 nyeupe zenye rangi ya waridi kwa nyuma. Katikati kuna stameni kama 20 zilizobeba vifuko vya chavua. Ndani kabisa zimesimama staili 5, shingo nyembamba za kijani zilizoungana chini, kila moja ikiwa na stigma yenye unato kwenye ncha. Kila staili inashuka kwenye chumba chake, na kila chumba kwa kawaida kina ovuli 2, yaani vijibegu ambavyo havijachavushwa. Tano mara mbili ni kumi: tunda lililochavushwa kikamilifu lina mbegu 10.

Ua hilo lina sehemu ya kiume na ya kike umbali wa milimita chache. Upepo kidogo tu, au nyuki mmoja akigeuka, chavua inaangukia stigma ya ua lilelile. Na inaota! Hapa ndipo wengi hukosea: hudhani chavua ya nyumbani haishiki. Inashika, inatoa mrija, mrija unaanza kuteremka ndani ya staili. Ukifika kama theluthi ya safari unavimba nchani na kusimama. Ovuli zinangoja chini, hakuna kinachofika, na baada ya siku kadhaa ua linakauka na kuanguka na kikonyo chake.

Kinachousimamisha mrija ni kimeng'enya. Staili hutengeneza protini inayokata RNA (nakala za maelekezo ya jeni ambazo seli hujengea protini), na kila aina ya mtufaha hutengeneza matoleo mawili ya protini hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi. Matoleo hayo hupewa namba: S1, S2, S3 na kuendelea. Golden Delicious ni S2S3. Gala ni S2S5. Fuji ni S1S9. Granny Smith ni S3S23. Red Delicious ni S9S28. Mrija wa chavua unapopita ndani ya staili unakivuta kimeng'enya hicho, wenyewe hauna hiari. Kikiachwa huru ndani ya mrija, kinakata RNA zake na ujenzi unasimama.

Sasa mbona chavua ya kigeni inapita? Kwa sababu chavua nayo ina silaha. Pembeni mwa jeni ya kimeng'enya, kwenye eneo lilelile la kromosomu ya 17, zimepangana jeni nyingine zinazotengeneza protini za kukamata vimeng'enya vya S na kuvitia alama ya kuharibiwa. Ni shada la funguo. Kila chavua hubeba funguo za kufuli za watu wengine, isipokuwa moja tu inayokosekana: ya kufuli ya nyumbani kwake. Chavua ya S2 inaweza kuua kimeng'enya cha S1, S5, S9 na vingine, lakini cha S2 hapana. Na kwa kuwa jeni ya kufuli na jeni za funguo zimekaa jirani mno, hurithiwa kama furushi moja. Zingeachana, mti ungeweza kupata shada kamili na kujichavusha, na mpango wote ungevunjika.

Hesabu ya kurithi kwa mtindo huu ni ya zamani kuliko jeni zenyewe. Mwaka 1925 huko Marekani, watafiti East na Mangelsdorf waliipata kwenye tumbaku ya mapambo kwa kuzalisha na kuhesabu tu. Kazi ya kukata RNA ilionyeshwa na watafiti wa Melbourne mwaka 1989, nao pia kwenye jamaa wa tumbaku. Mtufaha, mpea na mcheri ziko kwenye ukoo mwingine kabisa wa mimea, na bado zinatumia kimeng'enya cha aina hiyohiyo.

Kwa mnunuzi, la kushika ni hili. Chavua ina nusu tu ya urithi, kwa hiyo hubeba namba moja. Staili ni ya mti mzima, ina namba mbili. Chavua hupita ikiwa namba yake haimo kwenye zile mbili. Weka chavua ya Golden Delicious kwenye ua la Golden Delicious: nusu ni S2, nusu ni S3, zote zimo, zote zinasimama. Weka chavua ya Gala kwenye ua hilohilo: nusu ya S2 inakwama, nusu ya S5 inapita. Weka ya Fuji: S1 na S9, zote zinapita. Hivyo Gala ni mwenza wa nusu na Fuji ni mwenza kamili. Nusu hiyo si balaa. Mtufaha hauhitaji kila ua lishike. Maua 5 hadi 10 kati ya 100 yakigeuka matunda, huo ni mzigo mzuri, mengine mengi ungeyapunguza kwa mkono. Lakini hali ya hewa ikiharibika wakati wa maua, mwenza wa nusu ndiye wa kwanza kukuangusha.

Kumi ni mmoja

Hapa ndipo pesa hupotea. Mteja anasoma kwamba mtufaha hauzai ukiwa mmoja, basi ananunua Anna 10. Miche hiyo 10 imebebeshwa kutoka kwenye vikonyo vya mti uleule wa asili, kizazi hadi kizazi. Kijenetiki ni mti mmoja uliosimama sehemu 10. Chavua ya Anna wa kwanza kwa Anna wa kumi ni chavua ya nyumbani, kufuli ni ileile, ufunguo uleule haupo.

Ujanja huohuo hujirudia kwa majina tofauti. Royal Gala ni tawi la Gala lililobadilika rangi likabebeshwa na kupewa jina lake. Namba za S ni zilezile. Ukiuziwa "Gala" na "Royal Gala" kama jozi, umeuziwa mti mmoja wenye nguo mbili. Na Jonagold, hata ukiipata, usiifanye mwenza wa mtu: ina seti 3 za kromosomu badala ya 2, chavua yake nyingi ni dhaifu.

Vipi lebo ya "unajichavusha"? Si uongo mtupu. Anna ina ulegevu fulani na huweza kushika matunda machache bila mwenza. Ila angalia matunda hayo. Yakate kwa upana, si kutoka kikonyoni kwenda chini, bali katikati kama unakata kitunguu. Utaona nyota ya vyumba 5. Hesabu mbegu zilizojaa, zile za kahawia zilizonona. Vile vigamba vyeupe vilivyobonyea ni ovuli zilizokosa mwenzi, usivihesabu. Tunda lenye mbegu 7 hadi 10 lilichavushwa vizuri. Lenye 1 au 2, tena upande mmoja, utalikuta limepinda: upande wenye mbegu umejaa, upande mtupu umebaki bapa. Mbegu ndizo zinazotoa homoni za kulikuza tunda na kulishikilia mtini. Ndiyo maana matunda yenye mbegu chache ndiyo ya kwanza kudondoka yakiwa na ukubwa wa gololi, na mkulima anamlaumu mdudu au mbolea.

Kipimo hiki cha kisu ni bora kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Kitalu kikiwa na mti mama unaozaa, omba tunda moja ulikate palepale.

Kuhusu ule mche wa mbegu: kwa kuwa mtufaha hukataa chavua yake, karibu kila mbegu imetokana na wazazi wawili tofauti, na wazazi wenyewe wamechanganyika vizazi na vizazi. Mbegu 10 za tunda moja ni watoto 10 wasiofanana, na hakuna hata mmoja atakayekuwa Anna. Utangoja miaka 6 hadi 10 kuona ua la kwanza, na huenda tunda likawa la kuchacha na dogo kama limau. Muuzaji akikwambia "hii ni Anna ya mbegu", hiyo sentensi inajipinga yenyewe.

Kuukagua mche kabla ya kulipa

Tafuta kiungo. Mche uliobebeshwa una kifundo au mkunjo kwenye shina, sentimita 15 hadi 25 juu ya mizizi, na gome la juu na la chini mara nyingi hutofautiana rangi. Pakwaruze kidogo kwa kucha juu ya kiungo: kijani kibichi ni sawa, kahawia kavu ni kikonyo kilichokufa. Plastiki ya kufungia iwe imeondolewa au imelegezwa. Ikiwa bado imekaza na imezama kwenye gome, mti utakatikia hapo kwa upepo.

Uliza jina la shina la chini. Jibu zuri ni MM.106 au MM.111. Herufi MM zinatokana na vituo vya Malling na Merton vya Uingereza, na mashina hayo yalizalishwa makusudi yahimili wale wadudu mafuta wenye manyoya meupe kama pamba wanaovamia mizizi na matawi ya mtufaha. MM.106 hutoa mti wa kimo cha kati, unaofikika kwa ngazi fupi, lakini huoza shingoni kwenye udongo unaotuama maji. Kwa udongo wa mfinyanzi mzito au sehemu yenye ukame, MM.111 ni salama zaidi, ingawa mti utakuwa mkubwa. M.9 ni kibeti: hakitasimama bila nguzo maisha yake yote. Muuzaji asiyejua shina la chini huenda hajui na kikonyo.

Dorsett ya kwenye jozi ikaguliwe kama Anna, na iwe na kimo na shina la chini lilelile. Mara nyingi "mwenza" huwekwa kama nyongeza, mche mwembamba uliobaki. Ukichelewa mwaka mmoja kuchanua, Anna naye anapoteza msimu huo.

Mti wa aina mbili

Kwa mwenye ua wa nyuma wa mita 5 kwa 5, wazo hili ni zuri kweli: chavua na stigma ziko mti mmoja lakini kijenetiki ni miti miwili, na nyuki hana haja ya kwenda mbali. Nimeupunguzia alama kwa sababu moja. Vikonyo viwili kwenye shina moja havikui kwa kasi sawa. Kimoja kinatawala, kinamnyima mwenzake mwanga, na msimu wa pili mtu asiyejua anakata matawi "dhaifu" na kuondoa aina nzima bila habari. Ukiununua, funga kila upande uzi wa rangi yake siku hiyohiyo. Ukikata matawi, kata zaidi upande wenye nguvu na uuache ule mdogo upumue. Hakikisha pia kila kikonyo kimebebeshwa kwenye shina kuu kwa kimo kinachokaribiana. Kimoja kikiwekwa juu ya kingine, cha juu kitashinda tu.

Kupanda na kuchanua kwa pamoja

Shimo la sentimita 60 kila upande, na udongo wa juu uuweke kando uchanganye na debe 1 au 2 za samadi iliyooza sawasawa. Kiungo kibaki sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukikifukia, kikonyo kitatoa mizizi yake, na ile faida ya shina la chini uliyolipia itakwisha. Miti miwili ya jozi ipandwe umbali wa mita 3 hadi 4. Shambani, panda Dorsett kila mti wa tatu katika kila mstari wa tatu. Hapo kila Anna inapakana na Dorsett, na umetumia mti 1 tu kati ya 9. Usiweke wenza wote pembeni kama uzio. Nyuki akiwa kazini huhamia mti jirani, mara nyingi kwa kufuata mstari, na mti ulio zaidi ya mita 20 kutoka kwa mwenza huonyesha upungufu kwenye mavuno.

Maua ya mwaka wa kwanza yatoe. Inauma, lakini mti unahitaji mizizi kwanza.

Sehemu ngumu kwa ukanda wetu wa ikweta ni kuwafanya wawili hawa wachanue siku moja. Bila baridi ya kueleweka mtufaha haupukutishi majani wenyewe; unabaki na majani machovu na maua ya kudokoadokoa, tawi hili leo, lile mwezi ujao. Jozi ikichanua hivyo haina tofauti na mti mmoja. Dawa yake ni kuvua majani kwa mkono. Huko Batu, Java Mashariki, Indonesia, wakulima huvua majani wiki kadhaa baada ya kuvuna, na hupata misimu miwili kwa mwaka bila baridi yoyote ya maana.

Fanya hivi: baada ya kuvuna, ngoja kama wiki 3 au 4 vichipukizi vinone. Punguza maji. Kisha vua majani yote kwa kuyavuta kuelekea juu ya tawi, taratibu, ili usiling'oe jicho lililo kwapani mwa jani. Matawi yaliyosimama wima yavute kwa kamba yalale, maana tawi la kulala hutoa maua mengi. Mwagilia. Maua hufuata baada ya takriban mwezi. Msimu wa kwanza vua miti yote miwili siku moja, na andika tarehe ua la kwanza linapofunguka kwa kila mti. Dorsett ikitangulia kwa siku 5, msimu unaofuata ivue siku 5 baada ya Anna. Kalenda hiyo ya ukutani ina thamani kuliko mbolea yoyote ya majani.

Wakati wa maua, joto ndilo linalopanga matokeo. Kwa nyuzi 15 mrija wa chavua unafika chini kwa siku 2 hivi. Kwa nyuzi 10 unachukua kama siku 7. Kwa nyuzi 5, kama 12, na ovuli hazingoji muda wote huo. Zinachoka kabla mrija haujafika. Kwa hiyo nyanda zenye ukungu na baridi kali usiku zinaweza kuwa na maua tele, nyuki tele, wenza sahihi, na bado matunda yakawa haba. Usipangie maua yako mwezi wa baridi kali. Mizinga 2 au 3 kwa hekta inatosha, na iletwe maua yakishaanza kufunguka kidogo, si kabla, la sivyo nyuki watazoea maua ya jirani na kukusahau. Dawa ya wadudu isiguswe kuanzia vichipukizi vya maua vinapoonyesha rangi ya waridi hadi petali zidondoke.

Kama tayari umenunua mmoja

Usiung'oe. Nunua Dorsett uipande, na wakati inakua tumia matawi ya kuazima. Omba kwa mwenye Dorsett au Ein Shemer (aina nyingine ya epo, yenye jina la kibbutz ile) matawi 3 au 4 yenye maua yanayoanza kufunguka, uyaweke kwenye ndoo ya maji chini ya Anna upande wa asubuhi, ubadilishe maji kila siku. Nyuki watamaliza kazi.

Kama nyuki hawapo, tumia mkono. Chuma maua ya mwenza yakiwa bado kama puto, petali hazijafunguka. Kwangua vifuko vya chavua viangukie kwenye karatasi safi, vitandaze ndani ya nyumba pakavu usiku kucha, si juani. Kesho yake vitakuwa vimepasuka na karatasi ina vumbi la njano. Kwa brashi laini gusa stigma zote 5 za ua lililofunguka leo au jana, maana staili ikirukwa, chumba chake kinabaki kitupu na tunda linapinda. Anza na ua la katikati ya kishada, lile linalofunguka kwanza. Ndilo hutoa tunda kubwa. Maua mawili kwa kila kishada yanatosha.

Usihamishie ujuzi huu kwenye kila mti. Kahawa ya Arabika hujichavusha bila tatizo, wakati Robusta, ile ya Kagera, hukataa chavua yake kama mtufaha, na shamba lililopandwa vipande vya mti mmoja tu halizai. Parachichi hutumia saa badala ya kimeng'enya: ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike, hufunga, na kurudi mchana wa siku ya pili likiwa la kiume, ndiyo maana huwekewa Fuerte inayokwenda kinyume chake.

Na mwenza mwingine wa Anna zaidi ya Dorsett? Ein Shemer ni mzuri, hutoka kibbutz ileile na huchanua wakati unaokaribiana. Golden Delicious usihangaike nayo: inahitaji baridi zaidi, na kwa kuwa imeandikwa kama mzazi wa Anna, Anna lazima amerithi S2 au S3 kutoka kwake, kwa hiyo nusu ya chavua hiyo ingekwama hata kama maua yangekutana.

Jambo la mwisho kabla hujaondoka kitaluni: lebo za karatasi huoza kwa mvua moja. Andika jina kwa msumari kwenye kipande cha bati la kopo la soda, kifunge kwa waya uliolegea kwenye tawi la chini, kila mti na wake. Ukishavua majani, Anna na Dorsett ni fito mbili zinazofanana kabisa, na huwezi kuchelewesha mmoja siku 5 kama hujui ni upi.